Kwenda Berlin kwa Njia ya Tendaguru

Watu wengi wa kwetu wakipata nafasi ya kwenda Ulaya kwa mara ya kwanza hutaja London au Paris. Mimi nilikwenda Berlin, na walionichagulia jiji hilo ni wanafunzi wangu. Ninafundisha historia katika shule ya sekondari mkoani Lindi. Kila tunapofika kwenye mada ya utawala wa Wajerumani, mkono mmoja huinuka na swali huwa lile lile: "Mwalimu, huyo mjusi wetu umewahi kumwona?" Wanamkusudia mjusi mkubwa wa Tendaguru, dinosaria aliyefukuliwa katika ardhi ya mkoa wetu, ambaye leo mifupa yake imesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin. Nilikuwa nimesoma habari zake na kuzifundisha, lakini jibu langu lilibaki kuwa hapana. Nilipoanza kutenga sehemu ya mshahara kwa ajili ya safari, nilijua tayari ninakwenda kutazama nini.

Kabla ya kuuliza bei ya tiketi nilikwenda Tendaguru kwenyewe, maana niliona haifai kuvuka bahari kutazama kitu cha kwetu bila kuijua kwanza ardhi kilikotoka. Kilima hicho kiko takriban kilomita 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, ndani ya pori, upande wa kijiji cha Mipingo. Si kirefu. Mtu asiyeambiwa atapita bila kufahamu kwamba kati ya mwaka 1909 na 1913 hapo palikuwa na kambi kubwa ya uchimbaji. Katika msimu wa kazi nyingi walikusanyika mamia ya vibarua, na kiasi cha tani 230 za mifupa na mawe zilifungwa mizigo, zikabebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Vita ya Maji Maji ilikuwa imezimwa mwaka 1907. Waliobeba mizigo ile walikuwa wametoka tu kwenye vita na njaa.

Kijijini nilimkuta mzee mmoja amekaa barazani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kwa ajili ya ile mifupa?"

Nikamweleza kwamba ninajiandaa kwenda Berlin. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mjusi hana shida, atakuwa pale pale. Wewe tafuta majina ya watu. Huku watu walibeba, huko yakaandikwa majina ya wengine."

Maneno hayo yaliipanga safari yangu yote. Hadi siku ile nilikuwa na orodha aliyonayo kila mgeni: lango maarufu, ukuta, mnara wa televisheni, kisiwa cha makumbusho. Niliporudi nyumbani nilichukua daftari jipya na ukurasa wa kwanza nikaandika majina, nikianza na Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji wa Tendaguru, ambaye wataalamu wa Kijerumani, Werner Janensch na Edwin Hennig, walimtegemea katika kazi ya kufukua na kuhifadhi mifupa. Kisha nikamwandika Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, Mohamed Bayume Husen wa Dar es Salaam na Lucy Lameck wa Kilimanjaro. Wote hao, kwa njia moja au nyingine, wana mahali pao ndani ya jiji la Berlin. Nikaanza kutafuta kila mmoja yuko mtaa gani, na mitaa ile ikageuka kuwa ratiba.

Jambo la kwanza la kuamua lilikuwa majira. Shule zetu hufunga mwezi Juni, na bahati nzuri huo ni mwezi mwema kwa mgeni anayetoka pwani. Berlin mwezi Juni haina baridi ya kutisha. Koti jepesi na sweta vinatosha, pamoja na mwavuli. Mchana wake ni mrefu mno: jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama baada ya saa tatu usiku. Mtu ana nafasi ya kutembea hadi miguu ikatae. Mwezi Desemba mambo ni kinyume, jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na anayekwenda kutazama mitaa na makaburi atajikuta gizani mapema. Kwa Muislamu kama mimi mchana wa Juni unataka mpango wa pekee. Isha inachelewa sana na alfajiri inawahi sana, kwa hiyo nilichapisha ratiba ya swala ya Berlin nikaibandika ndani ya daftari, nikapanga pia kulala kidogo adhuhuri. Tofauti ya saa si tatizo: majira hayo Berlin iko nyuma yetu kwa saa moja tu, na wakati wa baridi kwa saa mbili.

Baada ya majira ikaja viza. Hapa ndipo wengi wetu hukata tamaa, nami nataka nieleze kwa kirefu kwa sababu hofu nyingi inatokana na kutokujua utaratibu. Ujerumani imo katika nchi za Schengen, na viza ya matembezi hutolewa kwa muda usiozidi siku 90 ndani ya siku 180. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu ufike siku 45. Mtu wa mkoani asisubiri mwezi wa mwisho. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na ukinyimwa hairudishwi. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka Ulaya, iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, na iwe na kurasa mbili wazi. Bima ya safari lazima ifidie matibabu ya angalau euro 30,000.

Hizo ni karatasi ambazo kila mwombaji anazo. Zinazomtofautisha mtu na mtu ni zile za kuonyesha kwamba ana maisha ya kurudia nyumbani na ana shughuli ya kweli huko aendako. Niliandaa barua ya mwajiri inayotaja likizo yangu na tarehe ya kurudi kazini, hati za mshahara, taarifa ya benki ya miezi iliyopita, uthibitisho wa malazi na nafasi ya ndege ya kwenda na kurudi. Taarifa ya benki sikuipamba. Kuna watu hukopa fedha wiki moja kabla ya maombi, wakaziingiza kwenye akaunti ili zionekane nyingi. Mkaguzi akiona fedha zimeingia kwa mkupuo bila maelezo, huingiwa na shaka. Akaunti inayokua polepole kutokana na mshahara wa ualimu inajieleza yenyewe.

Halafu nikaambatanisha ratiba yangu. Ilikuwa na kila siku, kila mtaa, na sababu ya kwenda huko. Nilipopanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam kuwasilisha maombi na kuchukuliwa alama za vidole, nilikuwa nimeisoma hadi naijua kwa moyo. Aliyenipokea dirishani aliuliza, "Mwalimu, unakwenda kufanya nini Berlin?" Nikamjibu kwamba ninakwenda kumwona mjusi wa Tendaguru, kisha nitafute jiwe lililoandikwa jina la Mohamed Bayume Husen mtaa wa Brunnenstraße, kisha nitembee mtaa wenye jina la Maji Maji. Akaniangalia, akaifungua ratiba, akaisoma mstari kwa mstari. Viza ilitoka. Siwezi kuahidi kwamba kila mwenye ratiba nzuri atapewa, lakini mtu anayejua anachokwenda kutafuta hujibu maswali bila kubabaika.

Kwa malazi nilimtegemea dada mmoja Mtanzania anayeishi Berlin, niliyeunganishwa naye na mwalimu mwenzangu. Mimi nilikuwa nikitazama hoteli za karibu na Alexanderplatz kwa kuwa ndiko katikati ya jiji. Akanipigia simu.

"Mdogo wangu, usitupe hela. Njoo ukae Wedding. Chakula cha halali kiko kila kona, Waafrika wako, Waturuki wako, na treni ya U6 inakupeleka hadi mlangoni kwa huyo mjusi wako bila kubadilisha."

Ushauri huo ulinifundisha namna ya kuchagua mahali pa kulala katika jiji kubwa. Berlin ina eneo la kilomita za mraba takriban 890 na wakazi zaidi ya milioni tatu na nusu. Katika jiji la ukubwa huo, umbali kutoka katikati hauna maana sana. Kilicho muhimu ni reli ipi inapita karibu nawe na inakwenda wapi. Nikatandaza ramani ya treni mezani, nikaweka alama ya kalamu nyekundu kwenye kila jina la daftari langu, kisha nikatazama alama zimelalia reli zipi. Karibu zote zilikuwa kwenye reli mbili za chini ya ardhi, U6 na U8, na moja kwenye treni ya juu, S1. Nikapata hosteli safi Wedding, karibu na stesheni ya Seestraße, na kila siku ya ratiba nikaipa reli yake.

Kuhusu usafiri wa jiji, mgeni afahamu mambo machache. Berlin imegawanywa katika kanda A, B na C. Kanda A ni ndani ya reli ya mduara, B inafika kwenye mpaka wa jiji, C ni nje yake. Uwanja wa ndege wa BER, uliofunguliwa mwaka 2020, uko kanda C, kwa hiyo anayeshuka hapo anunue tiketi ya ABC. Kwa safari za ndani ya jiji tiketi ya AB inatosha. Stesheni hazina mageti ya kukuzuia. Tiketi ya karatasi unaigonga muhuri mwenyewe kwenye kisanduku kilichopo kwenye jukwaa, kabla ya kupanda. Wakaguzi wengine hupita wamevaa nguo za kiraia, na asiye na tiketi halali hutozwa euro 60. Ukinunua tiketi ya siku nzima utapanda treni, tramu na basi kadiri upendavyo.

Mambo mengine ya matumizi niliyaandika ukurasa wa nyuma. Jumapili maduka hufungwa, hivyo mahitaji yanunuliwe Jumamosi. Maji ya bomba yananyweka, kwa hiyo chupa moja inatosha safari nzima. Chupa nyingi za plastiki zinazouzwa madukani huwa na amana ya senti 25, ambayo hurudishwa ukiipeleka chupa kwenye mashine ya dukani. Noti na sarafu za euro zibaki mfukoni hata kama una kadi, maana wapo wauza chakula wasiopokea kadi. Na majumba mengi ya makumbusho, likiwamo lile la mjusi, hufungwa Jumatatu.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hadi Berlin. Wasafiri hupitia Doha, Istanbul, Addis Ababa au jiji fulani la Ulaya. Nilipita Doha, na asubuhi iliyofuata baada ya kufika nilikuwa ndani ya U6 nikielekea stesheni iitwayo Naturkundemuseum.

Jumba liko mtaa wa Invalidenstraße. Unaingia, unapita mlango wa ukumbi wa kwanza, na hapo hapo anakukabili. Jina lake la kitaalamu ni Giraffatitan brancai. Ana urefu wa kwenda juu wa mita 13.27, na hakuna kiunzi cha dinosaria kilichosimamishwa duniani kinachomzidi kimo. Aliishi takriban miaka milioni 150 iliyopita. Alisimamishwa hapa kwa mara ya kwanza mwaka 1937, miaka mingi baada ya mifupa kuwasili, kwa kuwa kuiunganisha kulitaka subira. Pembeni yake wamo wenzake kutoka Tendaguru, akiwamo Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni. Nilikuwa nimesoma vipimo vyote hivyo, lakini nilipoinua shingo hadi kofia ikataka kuanguka ndipo nilipofahamu mzigo ulivyokuwa. Mfupa mmoja wa paja la mbele unamzidi mtu mzima urefu. Nikafikiria njia ile ya kilomita 60 niliyoipita kwa gari, na wao wakiipita kwa miguu.

Nililipangia jumba hilo siku nzima, na ninamshauri kila Mtanzania afanye vivyo hivyo. Nilikaa kwenye benchi, nikafungua daftari, nikachora na kuandika. Mama mmoja wa Kijerumani aliyekuwa na mtoto aliniuliza kwa Kiingereza kama mimi ni mchoraji. Nikamwambia mimi ni mwalimu na mjusi huyu anatoka mkoani kwetu. Mtoto akataka kujua nani alimfukua. Nikamtajia Boheti bin Amrani, nikamwandikia jina hilo kwenye kipande cha karatasi. Alilisoma mara mbili kwa sauti huku mama yake akimsahihisha. Kama nisingejiandaa, ningemjibu "Wajerumani", na nisingekuwa nimetimiza wajibu wangu.

Jioni ile niliendelea na U6 kuelekea kaskazini, nikipita Seestraße yangu hadi Afrikanische Straße. Huko ndiko uliko mtaa unaoitwa wa Kiafrika, ambao majina ya barabara zake yalianza kutolewa enzi za ukoloni: Togo, Kameruni, Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, Ugandastraße. Ni makazi ya watu wa kawaida, yenye miti na bustani. Kwa miaka mingi barabara moja iliitwa Petersallee, jina lililowekwa mwaka 1939 kumtukuza Carl Peters, ambaye vitabu vyetu vya historia vinamkumbuka kama Mkono wa Damu. Baada ya mvutano mrefu, mwaka 2024 barabara hiyo ilipewa majina mawili mapya. Sehemu moja inaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke wa Namibia aliyepinga ubaguzi, na nyingine Maji-Maji-Allee. Nilisimama chini ya kibao hicho nikakisoma taratibu. Nimekua nikisikia habari za vita hiyo Lindi, Kilwa na Songea. Kuyakuta maneno hayo kwenye kibao cha barabara Berlin kulinijaza faraja, kwa sababu nilijua kwamba hayakuja yenyewe. Wapo Waafrika na Wajerumani waliodai kwa miaka mingi hadi yakawekwa.

Ijumaa niliiweka kwa U8. Nilishuka Rosenthaler Platz, stesheni ambayo kwa miaka 28 ya ukuta treni zilipita bila kusimama: reli ilikuwa ya Berlin Magharibi lakini ilipita chini ya ardhi ya Mashariki, na milango ya stesheni ilifungwa. Hatua chache kutoka hapo, mbele ya nyumba namba 193 ya Brunnenstraße, kuna jiwe dogo lenye bamba la shaba lililolazwa kwenye njia ya waendao kwa miguu. Mawe kama hayo, aliyoyaanzisha msanii Gunter Demnig, yametandazwa miji mingi ya Ulaya kuwakumbuka waliouawa na Wanazi, kila moja mbele ya nyumba aliyoishi mtu. Hili ni la Mohamed Bayume Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akatumikia jeshi la Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza akiwa bado mtoto, akaja Berlin mwaka 1929 na kudai malipo ya utumishi wake na wa baba yake. Hakulipwa. Alifanya kazi ya uhudumu, alifundisha Kiswahili, aliigiza katika filamu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafa humo tarehe 24 Novemba 1944. Nilipiga magoti nikasoma jina lake, nikamwombea dua. Watu walinipisha kimya.

Ukiifuata Brunnenstraße kwenda juu unafika Bernauer Straße, mahali pazuri kuliko pote pa kuufahamu ukuta uliojengwa kuanzia tarehe 13 Agosti 1961 na kufunguliwa tarehe 9 Novemba 1989. Hapa nyumba zilikuwa za Mashariki na njia ya miguu mbele yake ilikuwa ya Magharibi, na watu waliruka madirishani kutafuta uhuru. Sikuwa nimepanga kukaa muda mrefu, lakini nilikaa. Niliona mji unaoweza kuweka wazi kidonda chake, ukataja jina la kila aliyekufa, na nikatamani sisi nasi tuwe na ukuta kama huo Kilwa na Songea.

Nikarudi kwenye U8 hadi Hermannplatz, wilaya ya Neukölln. Hatua chache kutoka hapo kulikuwa na mtaa wa Hermann Wissmann, kamanda aliyetumwa kuzima mapambano ya Abushiri pwani yetu. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Tangu mwaka 2021 mtaa huo unaitwa Lucy-Lameck-Straße. Lucy Lameck alikuwa muuguzi, mwanachama shupavu wa TANU, na miongoni mwa wanawake wa mwanzo kabisa kuingia Bungeni na serikalini Tanganyika. Nilipiga picha ya kibao kwa ajili ya wasichana wa shule yangu. Kisha nikatembea hadi msikiti wa Şehitlik, barabara ya Columbiadamm, wenye makaburi ya Kiislamu ya tangu mwaka 1866, nikaswali Ijumaa pamoja na watu wa mataifa mengi.

Siku ya kutembea kwa miguu niliianzia Jengo la Bunge, Reichstag. Kupanda kwenye kuba lake la kioo, lililosanifiwa na Norman Foster, ni bure, lakini lazima ujiandikishe mapema kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, na uje na pasipoti. Nilijiandikisha nikiwa bado Lindi. Wengi hupanda kutazama mandhari. Mimi nilikuwa nikifikiria Machi 1896, wakati mbunge August Bebel alipofichua ndani ya jengo hili maovu ya Carl Peters kule Kilimanjaro, yakiwamo mauaji ya watumishi wake. Mwaka uliofuata Peters alifukuzwa kazi. Kutoka hapo nikapita Lango la Brandenburg, nikapita kati ya nguzo 2,711 za kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa, nikaingia Wilhelmstraße. Katika mtaa huu ndipo lilipokuwa jumba la kansela ambamo mkutano wa Berlin ulikaa kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885. Siku moja baada ya kufungwa kwake, Kaisari alitoa hati ya ulinzi kwa ardhi ambazo Peters alidai kuzipata kwetu. Jumba lenyewe halipo tena. Kuna bango la maelezo tu na majengo ya ghorofa, watu wakianika nguo na kumwagilia maua. Nimeuchora mkutano ule ubaoni mara nyingi sana, nikiwaambia wanafunzi kwamba hakualikwa Mwafrika hata mmoja. Pale nilisimama na kulirudia somo lile kimoyomoyo.

Nikamalizia Unter den Linden, mbele ya chuo kikuu ambacho leo kinaitwa Humboldt. Mtoro bin Mwinyi Bakari alifundisha Kiswahili katika taasisi ya lugha iliyokuwa chini ya chuo hiki. Mengi aliyoyaandika yalichapwa mwaka 1903 katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, na mhariri wake akawa Carl Velten. Wapo wanafunzi waliokataa kumheshimu kwa rangi yake. Alipotaka kurudi nyumbani na mke wake Mjerumani, serikali ya koloni iliwazuia. Alifariki mwaka 1927, huko huko Ujerumani. Mwalimu mwenzangu huyo nilimpa heshima yake kwa kusoma aya chache za maneno yake nikiwa nimeketi kwenye ngazi.

Siku ya mwisho ya ratiba ilikuwa ya S1 hadi Oranienburg, na kutoka kule kwa miguu hadi Sachsenhausen. Kuingia ni bure. Zaidi ya watu 200,000 walifungwa katika kambi hiyo kati ya mwaka 1936 na 1945. Nilikuwa nimesoma jina la Husen penye nyumba yake. Nilitaka kufika pia mahali alipofia. Kama unakwenda huko, usipange jambo lingine baada yake.

Yapo niliyoyaacha. Sikwenda Kisiwa cha Makumbusho, wala Treptow, ambako mwaka 1896 watu zaidi ya mia moja kutoka makoloni waliwekwa kwenye maonyesho. Kuacha nako ni sehemu ya kupanga. Jiji kubwa haliishi kwa safari moja, na anayetaka kuona kila kitu hurudi na picha nyingi na maelezo machache.

Mimi nimerudi na jibu la wanafunzi wangu, na nimerudi na msimamo. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Bungeni kwetu suala la mjusi limeulizwa mara kwa mara. Ninaamini mazungumzo hayo yaendelee, na yaanzie mahali pa kweli: Lindi ipate jumba lake la makumbusho la Tendaguru, vijana wa Lindi wapate nafasi za kusomea elimu ya visukuku, na popote mifupa hiyo itakapokuwa, majina ya waliochimba na kubeba yaandikwe juu kabisa.

Na kwa Mtanzania anayepanga safari yake ya kwanza kwenda Berlin, au jiji lolote kubwa la Ulaya, ninasema hivi. Anza na swali lako mwenyewe, lile ambalo huwezi kulijibu ukiwa nyumbani. Tafuta majina ya watu wetu waliotangulia kufika huko. Wape mitaa, mitaa uipe reli, reli uzipe siku. Ndipo uandike barua ya viza. Fedha itakayobaki iwe ya kununua daftari la pili, kwa sababu la kwanza litajaa kabla hujafika nusu ya safari.